Mkono Wangu wa Kushoto na Nyumba za Mlimani

Huko Japani, ndani kabisa milimani, zipo nyumba zinazoanguka zikiingiwa na mtu wa mkono wa kushoto. Sisemi kutikisika. Kuanguka. Paa la nyumba hizo limeinuliwa mfano wa viganja viwili vinavyosali, cha kulia kimeegemea cha kushoto, na mtu anayeshika kijiko kwa kushoto akivuka kizingiti tu, kile kiganja cha kushoto humtambua ndugu yake, kikasahau sala, kikaachia. Paa linafunguka kama kitabu. Waliomo wote wanakwisha, pamoja na paka.

Hayo niliyaamini nikiwa darasa la nne, na niliyaamini hadi kwenye mifupa, kwa sababu aliyeniambia ni Nyanya, na Nyanya hakuwahi kudanganya hata kuku: akiwaita kwa mahindi, mahindi yapo. Paka ni mimi niliyemwongeza baadaye.

Yote yamenirudia Ijumaa iliyopita kule Al Wukair, hapa Qatar, mlangoni kwa Kageha, kabla hata sijavua viatu. Kageha ni binti wa shangazi yangu, muuguzi, mtu wa maana. Mimi naendesha basi la wafanyakazi na nalala Industrial Area, chumba cha watu sita wanaokoroma kwa lugha nane. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kuwa binadamu: naoga, napiga pasi shati, naenda kula kwa Kageha. Basi alipofungua mlango harufu ikanirukia usoni kama mbwa anayekufahamu. Munyu!

Kwa asiyekulia kwetu Maragoli, magharibi mwa Kenya, munyu ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unayatia majivu kwenye chungu chenye matundu, unamwaga maji juu, na chini yanadondoka taratibu yakiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukipikia mboga chungu kama mitoo maji hayo, uchungu unasalimu amri. Kageha alikuwa ametoka likizo na chupa ya munyu ndani ya sanduku, ameivisha mifuko ya plastiki mingi kuliko nguo alizovaa yeye.

"Ingia bana, mbona umesimama hapo kama mlinzi?"

"Hiyo ni mitoo?"

"Ni mitoo. Na funga mlango, majirani wasidhani nachoma nyumba."

Nikaketi. Nikavuta harufu mpaka kifua kikajaa. Na hapo, akiwa amenipa mgongo, anakoroga sufuria, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nimepewa likizo nyingine mwezi wa nne. Naenda Japani. Kijijini kwa Mwalimu Haruko."

"Tena?"

"Tena."

Wivu wangu, ambao nilidhani umezeeka na kung'oka meno, ukasimama ukajinyoosha. Mara ya pili! Kuna watu duniani hawajaenda hata mara ya kwanza.

Mwalimu Haruko alikuja shuleni kwetu kujitolea kufundisha hesabu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye hatua za haraka, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, kwa kuwa alikitoa kitabuni na sisi tulikiokota njiani. Alikuwa akisema "tafadhali nyamazeni" na sisi tunacheka mpaka tunaanguka, maana hakuna mwalimu aliyewahi kututafadhalisha. Jioni alikaa na wanafunzi chini ya paa la maktaba na kutuonyesha picha za kwao. Mlima nyuma ya mlima nyuma ya mlima, halafu katikati, kama vitu vilivyodondoka mfukoni mwa mtu, zile nyumba za paa la nyasi, nene kuliko kimo cha mwanamume, mwinamo mkali ili theluji iteleze. Alituunganishia viganja vyake kutuonyesha umbo. Kwao, alisema, paa hilo wanaliita mikono inayosali.

Sikusikia vizuri habari za theluji. Mimi nilikuwa nasikiliza chakula. Alituambia majira ya kuchipua yakifika wazee hupanda mlimani na vikapu na kuokota machipukizi kabla hayajapevuka: vitumba vichungu vinavyochungulia kwenye theluji inayoyeyuka, na majani yaliyojikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Samaki wa mtoni hupigiliwa kijiti mdomoni hadi mkiani, akapakwa chumvi, akasimamishwa kuzunguka makaa kama wazee barazani. Soya iliyochachushwa hupakwa juu ya jani pana la mti, jani likawekwa juu ya moto, na unakula kutoka kwenye jani lenyewe. Nilimeza mate kwa sauti, Mwalimu akaacha kuongea akanitazama.

Kisha akatupa habari iliyoniharibia utoto. Kijiji cha kwao kilikuwa kimebakiwa na wazee. Vijana walihamia mjini na shule ikafungwa, kengele imefunikwa gunia. Wazee hao wakamwandikia: tuletee mtoto mmoja, hata wa kuazima, aje wakati wa maua, tusikie tena miguu ya mtoto kwenye mbao za sakafu. Gharama ni yao, kuleta na kurudisha ni kazi ya Mwalimu.

Mtoto wa kuazima! Nilitazama darasa nikaona sina mpinzani. Wazee wanataka kelele, na nani ana kelele kunishinda? Nilikuwa naweza kupiga mluzi ukasikika ng'ambo ya mto, ng'ombe wa watu wakaanza kurudi nyumbani saa nne asubuhi. Kageha, tuliyelelewa naye nyumba moja, alikuwa mtoto ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Nikaanza kuaga. Niliaga marafiki, niliaga mbuzi, niliaga mti wa mapera. Nilimwambia jirani yetu aniandalie kitu cha kuwapelekea Wajapani, naye masikini akanipa parachichi.

Siku Mwalimu alipokuja nyumbani kuzungumza na Nyanya, mimi na Kageha tulikuwa upande wa pili wa ukuta tukipukuchua maharagwe, masikio yametangulia mikono. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi yenye jua. Godoro langu lilikuwa nje limeegemezwa kwenye ua, kama kawaida yake. Godoro langu lilipenda jua kuliko godoro lolote Maragoli, na sina zaidi la kusema juu ya hilo kwa sasa.

Nyanya alimpa Mwalimu chai na ndizi za kuchemsha, akamuuliza habari za wazazi, akamuuliza kama huko kuna kanisa. Akauliza juu ya chakula. Halafu akauliza, "Na mtoto atalala wapi?"

Mwalimu akaeleza kwa furaha. Hakuna vitanda. Watu hulala chini, kwenye mikeka minene ya majani iliyofumwa kwa mkono na kubanwa chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Mikeka ya nyumba ile imetunzwa na wazee kama mboni ya jicho. Haikanyagwi na viatu. Hata kikombe cha chai huwekwa juu yake kwa adabu.

 Nilisikia kijiko cha Nyanya kikizunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Kisha akasema, "Mwalimu, hebu nikusindikize hadi njiani," na wakatoka, na sauti zao zikaenda nao.

Aliporudi aliniita jikoni, akaniketisha kwenye kigoda. Alikuwa akichuja munyu, matone yanadondoka moja moja, na hakunitazama usoni.

"Mjukuu wangu, nyumba za kule zina masharti."

"Masharti gani, Nyanya?"

"Unaona vile paa lilivyo, mkono na mkono? Basi mtu wa kushoto haruhusiwi. Akiingia, paa linaachia."

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa na unga wa maharagwe na kovu la kisu. Nyanya mwenyewe alikuwa amejaribu kuurekebisha miaka yote, kunipiga vidole nikimsalimia mgeni kwa huo, kunihamishia kijiko. Sikujua kumbe habari zake zimefika Japani.

"Na nani ataenda?"

Akamwaga maji mengine juu ya majivu. "Kageha ataenda."

Sikulia. Nilitoka nikapanda mti wa mapera nikala mapera mabichi mpaka tumbo likalia badala yangu.

Siku zile za kumsubiri aondoke zilikuwa ndefu kama mahubiri. Nilijifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya katani kiunoni na kufanya kila kitu kwa wa kulia. Niliandika kwa kulia, na mwalimu wa Kiswahili akaniuliza kama daftari langu limekanyagwa na kuku. Nilirusha mawe kwa kulia nikavunja dirisha la kanisa nililokuwa sijalilenga. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: mkono ukibadilika kabla ya siku ya safari, nitamwonyesha Nyanya, Kageha atashushwa, nitapandishwa mimi. Usiku ulifika wa mimi kuota nakula kwa kulia. Asubuhi gari la kumpeleka Kageha Kisumu likaja, naye akapanda na sweta nne na parachichi langu.

Kwetu zilikuwa mvua za masika. Matope, sare za shule haziwi kavu, moshi haupandi. Na kule, nilijua, ni maua. Nilijua kila saa anafanya nini. Tukila ugali na mrenda, nilimwona Kageha amezungukwa na samaki wa kusimama. Tukienda kuteka maji, nilimwona amebebwa na wazee kwa zamu, wanamlisha machipukizi, mmoja anamfuta mdomo. Nilimwona anazidi kunenepa kila siku hadi nikaogopa ndege itashindwa kumrudisha, kisha nikatamani ishindwe. Wavulana wenzangu wakiniuliza kwa nini sikwenda, nilisema kwa sauti nzito, "Ningeua watu." Wakaniheshimu kidogo. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata.

Alirudi mwembamba vilevile. Alikuwa na mashavu mekundu ya baridi na begi la zawadi, na nyumba ikajaa watu mpaka kuku wakakosa pa kulala. Nyanya alipewa kitambaa cha buluu. Mimi nilipewa vijiti viwili vya kulia chakula, vyeusi, vyenye mstari wa dhahabu.

Sasa, hapo palikuwa na mtihani mbele ya kijiji kizima. Nikavishika kwa mkono wa kulia. Nikajaribu kukamata tonge la ugali. Tonge likaruka, likampita mjumbe wa kanisa, likatua kwenye kikombe cha chai cha shangazi yangu. Watu walicheka hadi wakaegemeana. Nikavirusha vijiti chini ya kabati nikatoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Kageha hakusimulia. Nilimtarajia atambe ili nipate sababu ya kumpiga. Badala yake nikimuuliza chakula kilikuwaje, anasema, "Kichungu." Nikiuliza maua, anasema, "Yanadondoka upesi." Nyumba je? "Baridi. Moshi mwingi machoni." Nikajua anaficha utamu ili asinigawie hata kwa maneno. Ndiyo akili ya mwenye wivu hiyo: akikuambia asali ni chungu unajua tu amelamba mzinga mzima.

Jambo moja tu lilimponyoka, na lilikuwa la Nyanya, si langu. Walikuwa jikoni wanachagua mboga. Kageha akasema yule bibi aliyemkaribisha alileta kutoka mlimani yale majani ya mkia wa kinyonga, na ni yaleyale yanayoota kwetu kando ya kijito, ambayo sisi tunafagilia banda la mbuzi. Bibi akayapanga kwenye beseni, akachota majivu mekoni, akayanyunyiza juu, akamwaga maji ya moto, akafunika hadi kesho yake. Kageha alipoisikia ile harufu alikaa chini palepale akalia, bibi akadhani ameungua.

Nyanya aliacha mboga. "Majivu?"

"Majivu, Nyanya. Kutoa uchungu."

"Wana munyu!" Nyanya akapiga mapaja. "Hao si Wajapani. Hao ni Wamaragoli waliopotea njia!" Jumapili alisimama kanisani akatangaza hivyo, na wapo wazee kwetu ambao hadi leo wanalijua hilo kama wanavyojua majina ya baba zao.

Mimi nilikuwa mlangoni na kuni mikononi. Nilichosikia siyo kwamba alilia. Nilisikia kwamba hata munyu, kitu chetu cha mekoni, sasa Kageha anakijua kwa namna ambayo mimi siijui. Na nikaona namna Nyanya alivyomshika kichwa. Hapo ndipo nilipotoa hukumu yangu na kuiweka akiba: habari ya paa ni ya kweli, lakini hata paa lingekuwa la mabati, Nyanya angempeleka Kageha. Anampenda zaidi.

Tukakua. Kageha akaenda sekondari ya bweni, akawa muuguzi. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikauza dukani kwa mtu mchana na jioni nikasoma gumbaru, shule ya watu wazima, pamoja na akina mama walionyonyesha na mzee mmoja aliyesinzia na kofia. Nilihitimu nikiwa na ndevu, na sherehe yangu ilikuwa kubwa kuliko ya harusi mbili. Ila siku moja kwenye somo la jiografia, mwalimu alifika Japani, milima, hali ya hewa, na mimi nikanyoosha mkono nikalieleza darasa habari za nyumba na watu wa kushoto. Kwa utaratibu wote. Na paka.

Mwalimu aliweka chaki chini. "Umeyapata wapi haya?"

"Kwa nyanya yangu."

Alifikiri. "Mimi sijawahi kufika Japani," akasema, akaendelea na mvua. Darasa lilicheka hadi yule mzee akaamka, lakini hakuna aliyenisahihisha. Na mwenyewe, nikitembea kurudi nyumbani, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba paa haliwezi kujua mkono wa mtu. Ilipaswa kuwa nafuu. Haikuwa. Kama paa halijui, basi yule niliyekuwa nimemshuku tangu zamani ndiye sababu: Nyanya alichagua, na hakunichagua mimi. Wakati huo alikuwa ameshazikwa, na mtu hamuulizi marehemu swali la namna hiyo.

Ijumaa hiyo ya Al Wukair Kageha aliandaa mezani. Ugali, mitoo yenye munyu, na samaki wa kukaanga. Tukanawa. Nikakata tonge. Naye akawa ananitazama mkono.

"Unajua bado unakula kwa kulia?"

"Hapa Qatar ukila kwa kushoto watu wanakuhama mezani."

"Ulianza kabla ya Qatar. Ulijifunga kamba."

"Achana na kamba." Mitoo ilikuwa laini, na uchungu umebaki ule kidogo tu wa kukukumbusha ulikotoka. "Haya, niambie. Safari hii utaniletea nini? Usilete vijiti."

"Sikuletei kitu." Alisogeza simu yake mezani. Palikuwa na picha ya Mwalimu Haruko, nywele zimeingia mvi, amesimama mbele ya ile nyumba, viganja vya nyasi juu yake vimegusana vilevile. "Sasa anaishi humo, alirithi. Anasema tuje wawili."

"Wewe na nani?"

"Na nani tena? Mimi na wewe. Anauliza kila mwaka yule mtoto wa mluzi yuko wapi. Omba likizo kwa mudiri wako."

Nikacheka. Nilitaka kutoa mzaha, na mzaha upo tayari, nimeutumia maisha yangu yote. "Na paa je? Mtanizika nalo?"

Kageha hakucheka. Nami nikajikuta nimeweka tonge chini, na maneno yaliyokuwa yamekaa tangu mti wa mapera yakatoka yenyewe, bila kupambwa.

"Kageha, hebu niambie. Si nimekuwa mtu mzima? Sitakasirika. Nyanya alikupenda wewe kunizidi, si ndiyo? Ndiyo maana ulienda."

Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa, nadhani, wanaouliza kitu ambacho faili lao limeshajibu.

"Kwa hiyo miaka yote hii ndivyo ulivyoamini?"

"Ningeamini nini kingine?"

"Aliniapisha nisikuambie. Nikiwa nashika Biblia, mkono mmoja una maganda ya maharagwe. Na nikirudi nisikusifie chochote, usije ukaumia mara mbili. Unafikiri ilikuwa rahisi kusema maua yale si kitu?" Akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Lakini yeye hayupo, na wewe una mvi kidevuni. Basi sikiliza. Hakuna nyumba inayomkataa mtu wa kushoto. Yule bibi wa kule mwenyewe alikuwa wa kushoto. Mwalimu alikuja kukuomba wewe, kwa sababu ya kelele zako. Jina langu halikutajwa. Ila ulikuwa bado unakojoa kitandani, kule wanalala kwenye mikeka, na Nyanya asingekuwepo kukuanikia godoro."